Homosisteini: kosa huanza kabla ya mashine

Waulize watu wa maabara homosisteini, asidi amino ya kwenye damu inayopanda mtu akipungukiwa na vitamini B12 au foleti, ipimwe kwa njia gani, ubishi utaanza hapo hapo. Wengi watasema spektrometa ya masi, mashine ghali inayotambua molekuli kwa uzito wake, ndiyo ya kuaminika, na kwamba kipimo cha vimeng'enya, kinachofanyika kwenye mashine ya kawaida ya kemia, ni cha kukisia. Mimi naona kipimo hiki cha pili kinaonewa.

Homosisteini iliyo huru kwenye damu ni kama asilimia 1 tu. Asilimia 70 hadi 80 imeshikamana na protini, hasa albumini, na iliyobaki imejiunga yenyewe kwa yenyewe au na sisteini. Njia yoyote ile, ghali au rahisi, lazima kwanza ikate viungo hivyo vya salfa kwa kemikali kama DTT au TCEP. Baada ya hapo ndipo njia zinapoachana. Katika kipimo cha vimeng'enya, homosisteini huzungushwa kwenye mfululizo wa mabadiliko hadi amonia inatoka, amonia hiyo inatumia kemikali iitwayo NADH, na mashine inasoma kupungua kwa NADH kwa mwanga wa nanomita 340. Ni 340 ile ile tunayosomea vipimo vya ini, ALT na AST, kila asubuhi. Hospitali ya mkoa ikiwa na mashine ya kemia na vitendanishi, inaweza kupima leo.

Spektrometa ina mahali pake, na hapo sibishi. Mtoto akishukiwa kuwa na homosistinuria, ugonjwa wa kurithi wa homosisteini kuzidi mwilini, inakupa kwa mkupuo mmoja homosisteini na methionini, asidi amino ambayo homosisteini hugeuzwa kuwa kwa msaada wa B12 na foleti. Methionini ikiwa juu, unaelekea kwenye kasoro ya CBS, kimeng'enya kinachoigeuza homosisteini kuwa sistathionini. Ikiwa chini, unatazama njia ya B12 na foleti, na matibabu ni mengine kabisa. Tena baadhi ya vipimo vya vimeng'enya huichukua sistathionini kama homosisteini. Lakini wagonjwa wengi tunaopimia si hao. Ni watu wazima ambao daktari anataka kujua kama wamepungukiwa na B12 au foleti.

Kwa watu hao, kinachoharibu majibu ni saa. Damu ikishachotwa, seli nyekundu haziachi kutengeneza homosisteini na kuimwaga kwenye plazma, yaani maji ya njano ya damu. Kwenye joto la kawaida la chumba inapanda kwa karibu asilimia 10 kila saa. Mtu mwenye mikromoli 12 kwa lita, ambaye yuko salama kabisa, kichupa chake kikikaa saa nne juu ya meza anasomeka karibu 17. Mpaka wa kawaida ni kama 15. Ameshaitwa mgonjwa, na hakuna mashine iliyokosea.

Kichupa cha namna hiyo nakijua. Kifuniko cha zambarau, kimefika saa nane mchana ndani ya mfuko wa plastiki, barafu imeshakuwa maji na lebo imelowa. Damu imejitenga yenyewe, njano juu, nyekundu chini. Fomu ina jina, umri na saini ya daktari. Saa ya kuchota haipo. Ukiiweka sampuli hiyo kwenye spektrometa ya bei kubwa kuliko zote, itakupimia kwa usahihi mkubwa kazi iliyofanywa na seli zikiwa njiani.

Na dawa yake si ya gharama. Kichupa kiwekwe kwenye barafu mara tu damu inapochotwa, plazma itengwe ndani ya saa moja. Ikishatengwa na seli, homosisteini hutulia kwa siku kadhaa, hivyo zahanati yenye sentrifuji ndogo, mashine ya kuzungusha damu ili itengane, inaweza kutuma plazma mjini kwa basi la kesho yake bila wasiwasi. Fedha inayotafutwa kwa ajili ya spektrometa moja ingenunua sentrifuji nyingi sana.

Kwa hiyo naomba vitu viwili kwanza: fomu iwe na mstari wa saa ya kuchota na saa ya kutenga, na anayepokea sampuli aruhusiwe kuikataa mstari huo ukiwa mtupu, hata kama daktari atapiga simu kugomba.