Ukipanda meli ya kuhudumia manowari, anzia katikati

Wageni wakipandishwa kwenye meli kubwa ya kuhudumia manowari, yaani kuzipelekea mafuta zikiwa baharini, wengi hukimbilia shetri, nyuma ya meli, kuitazama helikopta, kisha hupanda chumba cha usukani kupiga picha. Siku ikaisha hivyo. Naona ni hasara kubwa. Meli hiyo iliundwa kwa ajili ya kazi inayofanyika katikati ya sitaha, penye nguzo ndefu zilizoning'inizwa waya na mipira myeusi ya kupitishia mafuta. Nusu ya siku itumieni hapo.

Chukua Tidespring ya Uingereza, moja ya meli nne za aina ya Tide zilizoundwa Korea Kusini. Ina urefu wa mita 200 na inabeba mita za ujazo 19,000 za mafuta na 1,300 za maji baridi. Mabaharia wake wa kudumu ni 63, tena ni raia, si wanajeshi. Shehena yote hiyo haina faida mpaka ivuke kwenda kwenye manowari iliyo mwendoni.

Mwombe msimamizi wa sitaha akuoneshe jinsi inavyovuka, hatua kwa hatua. Meli mbili zinakwenda sambamba, kama maili 12 za baharini kwa saa, zikiachana mita 30 hadi 60. Inayotoa mafuta inashika njia moja bila kuyumba. Anayepokea ndiye anayejirekebisha. Kwanza hufyatuliwa kamba nyembamba kwa bunduki. Kamba hiyo huvuta nyingine nene zaidi, nayo huvuta waya wa chuma. Juu ya waya hutembea roda, yaani magurudumu ya kapi, zilizobeba mpira, na ncha ya mpira huingia kwenye mdomo wenye umbo la kengele upande wa pili mpaka inase.

Usiondoke kabla ya kuona kinachoukaza waya. Meli zinapolala huku na huku, waya ungelegea na kukatika kwa mshtuko. Pistoni inayosukumwa na hewa iliyogandamizwa huuvuta na kuuachia bila kukoma. Waya ukikatika hurudi kama mjeledi, kwa hiyo uliza watu husimama wapi, na wapi hawakanyagi kamwe.

Hatari nyingine haionekani ukiwa bandarini. Maji yanayobanwa kati ya meli mbili hukimbia, mgandamizo wake hupungua, na mbavu huanza kuvutana. Kosa la mgeni wa kazi hii ni kukata usukani kwa nguvu ili akimbie: omo, yaani mbele ya meli, inatoka, lakini shetri inamwendea jirani. Mshika usukani mzuri hurekebisha kidogo kidogo. Ndiyo maana hutandazwa kati ya meli kamba yenye bendera za rangi kila futi 20, aone umbali kwa jicho.

Anayeiona kazi hii kuwa ya pembeni akumbuke Septemba 2024, meli ya mafuta ya Marekani Big Horn ilipoharibika karibu na Oman ikihudumia kundi la manowari za Abraham Lincoln, meli ya kubebea ndege za kivita. Manowari zenye mitambo ya mafuta zikikosa meli kama hiyo, hurudi bandarini.

Chumba cha usukani mwende mwishoni, mkiwa na swali moja: mpira ukiwa bado umenasa na usukani ukagoma, nani anatoa amri ya kujitenga, na nini kinaachiwa kwanza?