Telnet haizimiki, eti imefungwa kiwandani

Ruta ya ofisini kwetu ina ukurasa mzima wa kubadili rangi za menyu, ila Telnet, njia ya kizamani ya kuingia kwenye ruta kutoka mbali, haizimiki. Kitufe kipo, lakini kimepauka; ukikibofya hakisogei. Nikawapigia waliotuuzia, kijana akanijibu kwa upole: "Kaka, hiyo imefungwa kiwandani, usijisumbue."

Nisijisumbue? Telnet inapitisha nywila wazi wazi, aliye katikati ya njia anajisomea tu. Na hatuitumii, SSH ipo, inafanya kazi hiyohiyo ila inaficha kinachopita! Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilizoa ruta na kamera kibao kupitia Telnet hiyohiyo, kwa kujaribu nywila za kiwandani. Mwaka uliofuata WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fidia, ikapenya kwa SMBv1, itifaki ya kizamani ya kushirikiana mafaili ambayo wengi hawakujua hata kama imewashwa kwenye kompyuta zao.

Najua, kuna printa kongwe itagoma nikizima kitu. Igome, nitapambana nayo mimi, ndiyo kazi ninayolipwa. Kinachoniudhi ni kupewa cheo cha msimamizi wa mtandao huku uamuzi ukiwa kwa mtu wa kiwandani nisiyemjua. Kwa sasa nimeziba poti 23, mlango wa Telnet, kwenye fayawoli, na kila ruta ikisasishwa mipangilio inafutika, naanza upya.