Theluji ya Chicago, Tope la Dar: Nani Amalizie Kazi?

Ndugu zangu wa Dar wakiona video za malori ya Chicago yanavyosukuma theluji usiku kucha na kumwaga chumvi, huniandikia huku Chicago ninakoishi: "Wenzetu wako mbali." Barabarani ni kweli. Jiji lina malori karibu 300 ya kazi hiyo, na utaratibu unajulikana mapema: barabara kuu kwanza, mitaa ya makazi baadaye. Tangu 1 Desemba hadi 1 Aprili kuna barabara ambazo ni marufuku kuegesha gari kati ya saa 9 usiku na saa 1 asubuhi, theluji iwepo isiwepo. Ukiliacha linavutwa, na kulikomboa kunauma.

Wanasiasa nao wanaiogopa theluji. Januari 1979 ilianguka nyingi mno, jiji likakwama, treni zikawa zinapita bila kusimama kwenye vituo vya mitaa ya watu weusi. Mwezi uliofuata, Meya Michael Bilandic akaangushwa na Jane Byrne kwenye mchujo wa chama chao, naye Byrne akaja kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza jiji hili. Kwetu Dar meya huchaguliwa na madiwani. Aliyeingiliwa na maji ya mafuriko nyumbani hana kura ya kumwadhibu moja kwa moja.

Lakini hebu shuka kwenye gari utembee. Njia ya waenda kwa miguu ametwikwa mwenye nyumba: sheria inamtaka asafishe upana wa futi 5. Wengi wanajitahidi. Mbele ya kiwanja kitupu hakuna anayegusa. Halafu lori la jiji likipita, theluji yote linaisukumia pembeni, mara nyingi kwenye kona, pale pale penye kivuko, na usiku inaganda ikawa jiwe. Nimemwona bibi mwenye mkongojo akifika hapo na kugeuza. Nimemwona mama akishusha kigari cha mtoto barabarani, akatembea bega kwa bega na magari. Basi linasimama, mlango unafunguka, abiria anakutana na ukuta mweupe.

Hapo ndipo ninapoikumbuka mitaro yetu ya Dar. Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wanatoka na machepe, wanazibua, tope na chupa na mifuko vinarundikwa ukingoni. Gari la kuzoa haliji. Masika ikifika, mvua moja tu inarudisha lundo lote mtaroni, maji yanakosa pa kupita, yanaingia sebuleni. Ndiyo maana nakasirika nikisikia wakazi wa Dar wanaitwa wachafu. Mwananchi ameshika chepe, amefanya sehemu yake. Mwenye gari la kuzoa ndiye hakutokea.

Wapo Chicago wanaodai jiji lisafishe na njia za miguu, na mimi niko upande wao. Wanaosema ni ghali mno waitazame Montreal, jiji la Kanada linalopata theluji nyingi kuliko Chicago: vijitrekta vidogo vya jiji hupita njia za miguu, kisha theluji inapakiwa kwenye malori na kwenda kumwagwa mbali. Na kwa Dar ninachoomba ni kidogo kuliko hicho: gari la kuzoa tope lipangwe Jumamosi ile ile ya usafi, na serikali ya mtaa itangaze saa litakayofika.