Rangi ya samaki isikudanganye, tazama sikio

Kiangazi hiki kila wiki naletewa picha kwenye simu. "Kaka, huyu ni perege gani?" Picha zenyewe zinafanana: samaki mpana kama kiganja, kidole gumba kimefunika shavu, mapezi yamelala, jua liko nyuma yake. Wanaouliza ni ndugu zetu wa hapa Ohio, Marekani, wengi wametoka Kigoma, Uvira na Bujumbura, watu waliokulia ziwani. Naelewa kwa nini wanasema perege, maana umbo linakaribiana. Lakini huyu si perege. Ni samaki-jua, wa ukoo wa maji baridi ambao asili yake ni Amerika Kaskazini, ukoo uleule wa besi, samaki wa Marekani aliyepandikizwa Ziwa Naivasha kule Kenya mwaka 1929.

Mimi naona kosa letu kubwa ni kumtaja samaki kwa rangi, wakati rangi ndiyo ingetazamwa mwisho. Dume la blugili, mmoja wa hawa samaki-jua, msimu wa kuzaliana huwa na kifua cha rangi ya chungwa bivu. Liweke kwenye ndoo nyeupe, baada ya muda limefifia hadi unadhani umebadilishiwa samaki. Majike na wadogo wa aina mbalimbali wote huwa na ukijani wa kufifia. Nilipokuwa mtoto Mwanza nilifundishwa kumtazama sato mkiani, kwenye ile mistari ya kusimama, na hakuna aliyeniuliza mgongo wake una rangi gani.

Hapa pa kuanzia ni sikio. Si sikio la kusikilizia, ni kile kipande kinachochomoza nyuma ya kifuniko cha matamvua. Hata jina la kisayansi la kundi hili, Lepomis, limeundwa kwa maneno ya Kigiriki ya gamba na kifuniko. Blugili, yaani Lepomis macrochirus, sikio lake ni jeusi mpaka ukingoni. Yule ambaye Wamarekani wanamwita mbegu ya boga ana doa jekundu kwenye ncha ya sikio, na shavuni ana mistari ya buluu inayopindapinda kama mawimbi. Aina nyingine, sikio-jekundu, naye ana ukingo mwekundu, ndiyo maana hawa wawili wanachanganywa sana, ila shavu lake halina ile mistari. Huyo ni hodari wa konokono: anawasaga kwa meno ya kooni, gamba na vyote.

Sikio lisipokutosha, kuna pezi la kifuani. Jumamosi iliyopita mzee mmoja wa Kigoma aliniita pembeni ya bwawa. "Mdogo wangu, hebu njoo umwone huyu blugili. Mbona ana unjano hivi, au anaumwa?" Nikalowesha mikono, nikamlaza samaki kiganjani, nikalikunja pezi la kifuani kuelekea jichoni. La blugili ni refu na limechongoka, ukilikunja hivyo ncha inalipita jicho. La huyu lilikuwa fupi, la mviringo, likaishia kabla ya kulifikia. Nikamfumba mdomo: taya lilirudi nyuma hadi chini ya jicho, ilhali mdomo wa blugili ni mdogo kabisa. Mapezi yalikuwa na ukingo wa manjano.

"Mzee wangu, huyu haumwi. Huyu ni samaki-jua wa kijani."

Akamchukua, akalikunja lile pezi mwenyewe mara mbili. "Miaka minne," akasema, "nawaita wote jina moja."

Wapo pia samaki wasiokubali jina moja, kwa sababu samaki hawa wanachanganya damu. Madume huchimba viota karibu karibu kwenye maji ya kina kifupi, mayai hurutubishwa nje majini, na aina mbili zikikutana hapo anazaliwa chotara. Blugili na samaki-jua wa kijani wanazaa chotara mara nyingi, na wengine hupandikizwa makusudi kwenye mabwawa ya watu. Ukikuta mdomo wa kati, pezi la kati na ukingo wa manjano juu ya mwili wa blugili, sema ni chotara. Kulazimisha jina ni kosa kubwa kuliko kukosa jina.

Kuna anayeniambia, kaka, samaki akishakaangwa jina la nini? Tatizo ni ndoo. Mtu anayewaona wote kuwa perege haoni ubaya kumwaga wawili watatu kwenye bwawa jingine "ili wazaane". Mwaka 1960 Meya wa Chicago alimzawadia Mwanamfalme Akihito wa Japani blugili. Wakapelekwa wafugwe, wakaenea maziwani wakila samaki wa kule, na mwaka 2007 Akihito, akiwa tayari Mfalme, alisema hadharani kwamba inamuuma. Samaki-jua wa kijani naye, kwa mdomo ule, amewamaliza wadogo wa samaki wa asili katika mito kadhaa ya magharibi mwa Marekani alikopelekwa.

Kwa hiyo tumeni picha, nazipenda. Lakini toa kidole shavuni. Piga moja ya ubavu mzima sikio likionekana, nyingine mdomo ukiwa umefumbwa, na ya tatu pezi la kifuani likiwa limekunjwa kuelekea jichoni. Mikono iwe na maji, na samaki arudi bwawani kabla hujanitumia.