Anko, Bado Haijalegea

Mimi nashona vitu visiachie. Ndiyo kazi yangu hapa Moshi, mwaka wa 19 sasa, kwenye kibanda cha mabati si mbali na soko la Mbuyuni. Mabegi ya wagumu wanaopandisha mizigo ya wageni Kilimanjaro, mahema yaliyoraruliwa na upepo wa kambi ya Barafu, zipu za makoti, maturubai ya kuanikia mazao. Wateja wangu wana msemo: kwa fundi huyu kitambaa kitakufa, mshono utabaki. Nilikuwa natembea nao mjini kifua mbele msemo huo, mpaka Agosti ya mwaka jana.

Alikuja kijana mmoja, zamani alikuwa mgumu, nimemshonea begi si chini ya mara tano. Siku hizi anaruka na paraglaida, ule mwavuli mrefu uliopinda kama ndizi, mtu ananing'inia chini yake kwenye kiti cha mikanda. Wapo waliowahi kuruka nao kutoka kilele cha Uhuru kwenyewe, mita 5,895.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Begi tena?"

"Leo siyo begi. Nataka unishonee kitu kinachoachia."

Nilimwambia arudie, nikidhani cherehani imenipiga kelele.

Akatoa mfukoni kidude cha kutosha kiganjani: vipande vya mkanda wa nailoni, pete tatu za chuma, kubwa, ya kati na ndogo, na kitanzi chembamba cha kamba. Akanieleza kwamba mahali pasipo na mlima, mwavuli huvutwa na gari kwa kamba ndefu, kama mtoto anavyokimbia na tiara. Ukishapanda vya kutosha, rubani anatakiwa ajitoe kwenye kamba, na hicho ndicho kifaa cha kujitolea. Wenyewe wanakiita rilizi. Kibandani tukakipa jina la kifyatuo, na mpwa wangu, ambaye ana bodaboda na hana subira, akakiita kidude.

"Si afungue tu karabina, kile kibanio cha chuma?" nikauliza.

"Fundi, umewahi kufungua fundo la ng'ombe anayevuta?"

Nikanyamaza. Nimezaliwa Kibosho, ng'ombe nawajua.

Ndipo akanionyesha. Pete ya kati akaipitisha ndani ya kubwa, akaikunja. Ndogo ndani ya ile ya kati, akaikunja. Kitanzi kikapita ndani ya pete ndogo, kikapenya tundu la mkanda na kutokea nyuma. Kwa kawaida huko nyuma kinazuiwa na waya, lakini yeye aliuchomoa waya akakizuia kwa kidole chake kidogo. "Sasa vuta," akasema. Nikaweka mguu kwenye chuma cha cherehani, nikavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kidole hakikutikisika. Kila pete inafanya kazi kama mtaimbo, inameza sehemu kubwa ya mzigo na kumrushia mwenzake makombo, kwa hiyo kinachokifikia kitanzi ni kidogo mno. Kisha, bila kuniaga, akatoa kidole. Nilikwenda kinyumenyume mpaka kwenye rundo la mabegi. Anguko hilo silihesabu kwenye habari hii.

Kumbe mpango huo wa pete tatu aliubuni Mmarekani, Bill Booth, miaka ya 1970, kwa ajili ya watu wa parachuti, ili mwavuli mkubwa ukikorofisha mtu autupe na kufungua wa akiba. Nasema kwa heshima zote: bwana yule angekaa kibandani kwangu tungegombana.

Kitanzi cha kijana kilikuwa kimelika, na kuagiza kingine nje kungechukua wiki nyingi. Akaniachia sampuli, pete mpya tatu, waya wa njano uliovikwa plastiki, na kipande cha uzi mwembamba.

"Huu uzi ndio mkubwa wao, fundi. Unakaa kati ya kamba na kifyatuo. Mvuto ukizidi, unakatika wenyewe. Wa angani ni mnene zaidi. Huu wa kujaribia chini unakatika kwenye kilo 80 hivi."

Akaeleza kwa nini. Mwavuli ukianza kwenda upande huku gari linavuta mbele, unalala, na kadiri gari linavyovuta ndivyo unavyozidi kulala, kama tiara inayochimba chini. Hapo rubani ana sekunde chache. Mkono ukishindwa kufyatua, uzi ukatike. Uzi usipokatika, kuna kisu chenye umbo la ndoana, kikali kwa ndani tu, cha kukatia mkanda.

Nikamwambia nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Nilichosikia mimi ni kwamba kijana wa watu anakwenda kuning'inia angani kwa uzi unaokatika.

Usiku nikakaa na ile kazi, roho ikagoma. Huo uzi ningempa mteja vipi? Kesho ukikatika watasema ni wa nani? Nikaweka uzi wangu wa kushonea mahema, nikaukunja mara nne, nikaupiga ziga zaga. Ule waya wa njano nao ulinitia aibu, ulifanana na kamba ya kuanikia nguo. Nikautupa droo ya vifungo, nikachukua waya wa breki ya baiskeli, chuma tupu, nikaukata kwa plaizi. Mikanda nikaipiga mishono minne badala ya miwili.

Mama watoto alisimama mlangoni na kikombe cha chai. "Mtu kakuambia kiachie, wewe unakaza."

"Naboresha."

Akaondoka na chai yake.

Jumamosi saa nne tukaenda uwanja wa mpira wa mtaani kwetu. Nyuma ya goli la upande wa chini kuna mama mmoja ambaye kila mwaka baada ya mavuno huanika maharage pale kwa sababu ya jua. Mtaa unamwita Mama Maharage na yeye anaitika. Turubai alilokuwa ameyatandazia nilimshonea mimi, mwezi Juni.

Kijana alikuwa amekuja na gunia la mchanga. Mpango wake ulikuwa gunia likae kwenye kiti cha mikanda, pikipiki ya mpwa wangu ilivute kwa kamba ya mita 30, yeye afyatue kwa kamba ndogo akiwa pembeni. Mpango mzuri kabisa. Mimi nikaona unanidhalilisha.

"Mchanga hauna mkono," nikamwambia. "Kifyatuo kinavutwa na mtu. Nivalishe mimi."

Alibisha. Nikamkumbusha nani alimshonea begi kwa mkopo. Akanivalisha, akasisitiza helmeti, akasema iwe gia ya kwanza, mwendo wa kutembea. Helmeti ndiyo jambo pekee la busara nililokubali siku hiyo.

Maagizo kwa mpwa nilitoa mwenyewe. Pikipiki yake haina vioo, alishaving'oa, anadai vinamzuia kupenya kwenye foleni. Nikamwambia: "Usigeuke nyuma, utaanguka. Kamba ikilegea, ujue nimeachia. Hapo simama."

"Sawa, anko."

Hatua kumi za kwanza nilitembea kama bwana harusi. Watoto walikuwa wameshajaa pembeni. Nikainua mkono kuwasalimu, nikashika kishikio cha kifyatuo, nikavuta.

Kikasogea nusu inchi, kikagoma.

Nikavuta tena. Nikavuta kwa mikono miwili. Watoto wakashangilia, mpwa akadhani anashangiliwa yeye, akaingiza gia ya pili. Nina miaka 51 na kitambi cha kukaa, na mara ya mwisho kukimbia ilikuwa nyuma ya basi la Rombo. Nilikimbia. Halafu miguu ikasema imetosha, nikalala kifudifudi, safari ikaendelea.

"Legeza!" nikapiga kelele. "Legeza! Legeza!"

Sasa hebu weka sauti hiyo nyuma ya pikipiki yenye ekzosi iliyotoboka. Mpwa anaapa mpaka leo kwamba alisikia "Ongeza". Akaongeza.

Kutoka chini kule uwanja una mambo mengi usiyoyaona ukiwa umesimama. Niliona mashimo ya panya mawili. Niliona ndala iliyopotea msimu uliopita. Niliona nguzo ya goli ikipita upande wangu wa kushoto. Na mbele yake nikaona upindo wa turubai, mishono mitatu, pete ya shaba kila pembe, kazi safi, na nilijua ni ya nani.

Helmeti ikaingia chini ya upindo. Kifungo cha mkanda wa kiti kikanasa kwenye pete ya pembe. Turubai likaniviringa kama sambusa, na maharage mekundu yakaingia humo pamoja nami. Turubai la fundi mwingine lingechanika hapo hapo, likaniacha. Langu lilikuja lote.

Kwa mzigo huo, hapo ndipo ule uzi wa kilo 80 ulitakiwa ukatike. Lakini kati yangu na pikipiki kulikuwa na uzi wa mahema, mara nne, ziga zaga. Kilichokata tamaa kwanza ni injini. Ilikohoa, ikazima.

Kukawa kimya. Halafu nikasikia sauti ya mpwa wangu, ya mtu mtiifu aliyefuata maagizo mpaka mwisho:

"Anko, bado haijalegea."

Kijana alifika mbio, akaingiza kile kisu cha ndoana kwenye mkanda, fyu. Mishono minne, usiku mzima, fyu moja. Pale niliumia kuliko tumbo.

Kisha nikaona kanga, na miguu miwili imesimama karibu na helmeti.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Uko ndani ya maharage yangu?"

"Nimo, mama. Samahani sana."

"Toka polepole. Usiyamwage."

Uchunguzi ulifanyika hapo hapo, mimi nikiwa nimepakwa iodini na watoto wakiwa wamezunguka kama kwenye msiba wenye pilau. Kijana alikigeuza kifyatuo, akacheka kwanza, kisha akaacha. Waya wa breki nilioukata kwa plaizi ulikuwa umechanua ncha, na zile nyuzi zake ndogo za chuma zilikuwa zimenasa kwenye kitanzi kama mbegu za kishona nguo kwenye suruali. Kumbe ile plastiki ya njano ilikuwa na kazi moja tu, kuteleza. Kisha akafika kwenye uzi wangu. Akaupima kwa vidole. Akautazama mshono wa ziga zaga kwa muda mrefu.

"Fundi," akasema taratibu, "huu ningekuwa nao angani leo."

Hakuongeza neno, na sikuwa na la kumjibu.

Maharage tuliyaokota mpaka saa kumi na moja jioni, mimi, mpwa, kijana na watoto waliokubali kwa malipo ya biskuti. Debe zima lilikuwa limechanganyika na kokoto kiasi cha kutofaa. Nikalilipa. Mpwa alichangia nusu lita ya petroli, kwa maelezo kwamba yeye alifuata maagizo.

Wiki iliyofuata nikashona kingine. Safari hii nilifuata sampuli mshono kwa mshono, nikatoa waya wa njano kwenye droo ya vifungo, nikalainisha ncha yake kwa moto wa kiberiti kama kijana alivyonielekeza. Uzi wa kukatika niliuweka kama ulivyo. Mkono ulikuwa unanitetemeka, kama ninamwibia mtu. Kijana alikijaribu kwa gunia lake la mchanga, mara 20, nami nikiwa nimekaa mbali, kwenye kiti.

Siku ya kuruka nilikwenda nao uwandani upande wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Kamba ilikuwa kwenye roda nyuma ya Land Cruiser, roda yenye breki inayoachia kamba taratibu, na mtu amekaa kando yake akiangalia mshale wa mvuto bila kupepesa. Kijana alikimbia hatua nne tano, ardhi ikamwacha. Akapanda, akapanda, akawa mdogo kama kishikizo. Nilifumba macho. Nilipofumbua, kamba ilikuwa inashuka peke yake na kimwavuli chake kidogo cha mwishoni, na yeye alikuwa anageuka taratibu juu yetu, hajafungwa na chochote.

Alinilipa jioni hiyo hiyo. Pesa niliipokea, lakini nilijisikia kama daktari anayepongezwa kwa sababu mgonjwa ametoroka.

Mama Maharage alikuja kibandani mwezi uliofuata. Nilidhani ni deni lingine. Kumbe habari ilishazunguka Moshi nzima kwamba turubai la fundi wa Mbuyuni lilikokotwa na pikipiki, likiwa na mtu na maharage ndani, na halikutoka hata uzi. Alikuwa na majirani wawili, kila mmoja anataka la kwake. Yeye mwenyewe alitaka la pili, kubwa zaidi. Nikachukua futi, nikaanza kuandika vipimo.

"Na pembe zote nne," akasema, "uweke kile kidude chako."

"Kidude gani, mama?"

"Cha kuachia. Ukipita tena, wewe nenda, maharage yabaki."