Haji Anukia Tembo

Mjomba wangu Haji ana shamba la mananasi nje kidogo ya mji wa Malindi, na ana maradhi mamoja: akiona watu wamekaa mkekani, lazima atoe ahadi. Wazee walipokuja kumposa binti yake, akawaambia mananasi ya harusi yatatoka shambani kwake, yote yameiva wiki moja, hakuna kubwa wala dogo. Wazee wakashukuru. Mkazamjomba akaangalia juu ya dari.

Alikuwa na haki ya kuangalia dari. Mananasi ya mjomba hayajawahi kukubaliana. Mche huu unachanua leo, jirani yake ana majani tu, wa tatu umeshazaa na kuliwa na nyani.

Rai ya kwanza ya mjomba ilikuwa stima. Amesikia redioni kwamba mashamba ya maua huwashiwa taa usiku, basi naye atakodi jenereta. Binamu yangu, kitindamimba anayesomea kilimo chuoni, akamzuia.

"Baba, mimea mingi huhesabu giza. Ule unaongoja usiku mrefu ndipo uchanue, ukiumulika saa sita za usiku umeuvurugia hesabu, unaanza upya."

Akatusimulia Wamarekani wawili, Garner na Allard, walioandika mwaka 1920 habari za tumbaku ya Maryland iliyokuwa ikirefuka tu shambani bila ua, mpaka walipoifungia gizani kila siku kabla ya wakati, wakaifupishia mchana. Ikachanua.

"Basi na sisi tuyafunike," mjomba akasema.

"Hapa Malindi, baba, mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa unapishana dakika kama 20 tu mwaka mzima. Nanasi litajuaje mwezi? Dawa yake moshi."

Hapo ndipo nilipopaswa kukumbuka safari ya mjini. Ndani ya moshi, akasema, mna hewa iitwayo ethilini. Mrusi mmoja, Neljubow, aligundua nguvu yake juu ya mimea mwaka 1901 kwa kuwa njegere zake za maabara zilikuwa zikiota kwa kupinda, na mchawi akaonekana ni hewa hiyo ndani ya gesi ya taa. Mimea hujitengenezea hewa hiyo yenyewe. Ni homoni, yaani ndiyo amri yao ya ndani.

"Si ndiyo kule kuvundika ndizi?" akauliza mkazamjomba.

"Ndiyo hiyo hiyo, mama. Ndizi ikiipata, inaiva. Lakini mche wa nanasi uliokomaa ukiipata, unaacha kutoa majani, unatoa ua. Kule visiwa vya Azores, Ureno, wanayafukiza ndani ya nyumba za vioo."

Nyumba ya vioo hatukuwa nayo. Tulikuwa na turubai la kukodi na gunia za makumbi ya nazi. Mimi nikapewa kipepeo cha kupepea moto, nafasi ambayo katika ukoo wetu hupewa mtu asiyekuwa na la kusema.

Makumbi yalikuwa na unyevu, moshi wake mzito hasa. Mambo yakaenda vizuri mpaka alasiri, kusi lilipoingia chini ya turubai na kuliinua. Moshi wote ukatoka kwa pamoja, ukapanda moja kwa moja kwenye mnazi wa mpakani. Na juu ya mnazi alikuwako mgema.

Hatukumwona. Tulimsikia tu akikohoa ndani ya wingu, kisha akiwaita wazee wake waliotangulia, mmoja mmoja kwa majina, kisha akapiga ukelele: "Moto! Moto kwa Haji!"

Nasema kweli, watu wetu ukiwaita kwenye kikao cha maji ya bomba hawaji. Siku hiyo walikuja na ndoo, madumu, masufuria, mmoja na birika. Maji ya kwanza yaliangukia makumbi. Ya pili yalinipata mimi, maana nilikuwa mweusi natoa moshi. Mjomba akanyoosha mikono, anawaelekeza, "Acheni! Ni dawa ya maua!" Nani angemwamini? Akasogea mpaka chini ya mnazi ili asikike vizuri, na mgema, akitafuta pa kushika, akaachia kibuyu.

Kilimpata begani. Tembo lote, kuanzia kofia hadi kanzu.

Watu wakanyamaza. Mzee aliyekuwa mbele kabisa, ndoo mkononi, alikuwa baba wa bwana harusi mtarajiwa. Akavuta pumzi kwa pua, akamtazama mjomba, akavuta tena.

"Haji," akasema taratibu, "haya ndiyo maua yenyewe?"

Magharibi hiyo mjomba aliswali nyumbani, baada ya kuoga na sabuni nzima.

Baada ya kama miezi miwili, mistari iliyokuwa chini ya turubai ilitoa vitovu vyekundu kwa pamoja, kisha maua ya zambarau. Mistari iliyokanyagwa na waokoaji iliendelea na ukaidi wake. Mgema akaja kudai fidia. Mjomba akaapa hawezi kulipia tembo, ikabidi mkazamjomba aandike "kibuyu kimoja kilichovunjika" na kumlipa mananasi.

Mwezi wa Desemba, harusini, matunda yalipangwa kwenye sinia, yote ya kimo kimoja kama yalivyoahidiwa. Baba wa bwana harusi akapokea kipande chake, akakinusa kwanza mbele ya watu wote, ndipo akala.