Asili ya Shujaa: Je, Juzuu ya Pili Ifichue Kila Kitu?

Mswada uliozua ubishi katika kikao chetu cha wasomaji hapa Kisumu ni juzuu ya pili ya riwaya ndefu ya fantasia, kazi ya kijana ambaye bado anatafuta mchapishaji. Katika juzuu ya kwanza, shujaa ni binti aliyeokotwa ufuoni akiwa mchanga, akalelewa na mama muuza samaki, akajifunza kuwatuliza mamba kwa wimbo, na hatimaye akawaongoza wavuvi dhidi ya mfalme aliyetaka kuwafungia ziwa. Katika juzuu ya pili anagundua kwamba mfalme huyohuyo ndiye baba yake. Tuligawanyika: wengine waliona kwamba ugunduzi huo unaikamilisha hadithi, wengine kwamba unaibomoa.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Mwandishi hakulizua jambo hili dakika ya mwisho, kwa maana kiangaza mbele, yaani dokezo la yatakayokuja, kipo tangu sura za mwanzo, pale mama mlezi anapomwogesha mtoto, kidole chake kikasita juu ya chale tatu mgongoni, kisha akamwaga maji yote kwa mkupuo na kuanza kuzungumzia bei ya omena. Msomaji makini hausahau ukimya ule. Sophocles, mtunzi wa tamthilia wa Ugiriki ya kale, alifanya vivyo hivyo katika tamthilia tunayoijua kwa Kiswahili kama Mfalme Edipode: ushahidi wa asili ya mhusika ulikuwa mwilini mwake siku zote, na hata jina lake la Kigiriki linadokeza miguu iliyovimba.

Isitoshe, kwetu swali la asili si pambo la msuko tu. Mgeni akishapewa kiti na maji, mzee humuuliza yeye ni mwana wa nani, na jibu lake huweza kuamua hata mahali atakapozikwa. Wanubi wa Kenya, jamii yenye asili ya Sudan ambayo baadhi ya watu wake wanaishi hapa Kibos, wanajua uzito wa swali hilo likiulizwa na serikali, kwa kuwa kwa miaka mingi walilazimika kupita mbele ya kamati za uhakiki ili wapate vitambulisho. Kumwambia mwandishi wa huku kwamba msako wa wazazi ni mbinu iliyochakaa ni kusahau anakoandikia.

Hata hivyo, wapinzani walinigusa zaidi walipoacha kulalamikia sadfa na kugeukia ngano zetu wenyewe. Nyamgondho wuod Ombare, mvuvi maskini wa Gwassi, alivua kikongwe kwa wavu wake, akamchukua nyumbani, na ng'ombe wakajaa bomani. Siku alipolewa na kumtukana, kikongwe aliondoka, na mifugo yote ikamfuata hadi ndani ya ziwa. Masimulizi hayatuelezi kikongwe yule alikuwa binti wa nani, na sidhani kuna msimulizi aliyewahi kuombwa aeleze. Nguvu yake imo katika kutojulikana kwake. Tena, katika ngano hizi siri ikifichuka huwa ni mwanzo wa maangamizi: Luanda Magere, shujaa wa Waluo, aliangamia mkewe Mnandi alipogundua kwamba uhai wake umo kivulini, naye Fumo Liyongo aliuawa na mwanawe mwenyewe baada ya kumfichulia habari ya sindano ya shaba kitovuni. Fantasia ya siku hizi imeigeuza kanuni hiyo, ikaufanya ufichuzi kuwa ngazi ya kupandia kwenye kiti cha enzi.

Hapo ndipo ninapouona udhaifu wa mswada, ingawa hauko walikouonyesha wengi. Baba mfalme simkatai. Binti kupigana na mtu, kisha akajua ni damu yake, ni mzigo wa kweli unaostahili juzuu nzima. Ninachokikataa ni sura moja ambamo kuhani mzee anamweleza kwamba mamba humtii kwa sababu ya ukoo wake. Juzuu ya kwanza ilituonyesha misimu mitatu ya mvua ambayo binti huyu aliketi matopeni na mama yake mlezi, akikosea wimbo na kuurudia, mpaka akapata kovu la meno kwenye mkono wa kushoto. Kwa sentensi moja ya kuhani, kovu lile limekuwa kazi bure, na mama aliyemfundisha wimbo amebaki yaya tu.

Ajabu ni kwamba mwandishi mwenyewe analo jibu, na yuko karibu kulifuta. Katika ukurasa anaouona umepoa mno, binti anarudi kutoka ikulu usiku, anamkuta mama akipasua mbuta kwa mwanga wa taa ya chemni, na kabla hajatamka lolote anaulizwa kama amekula. Anaketi, anachukua kisu cha pili, na wanafanya kazi hadi beseni linajaa. Nilimsihi auache ukurasa huo kama ulivyo. Amekubali pia kuiandika upya sura ya kuhani. Kuhusu baba hataki kusikia neno, na nadhani hapo ana haki.